Sura ya Tano: Inabeba Nini?

Mtu aliyekulia Mtoni, Temeke, hahitaji kufundishwa vyombo vya majini. Mto Kizinga unamwaga maji yake karibu na nyumba za watu, kwenye mkondo wenye mikoko, na mkondo huo unakwenda kupita chini ya Daraja la Nyerere hadi bandarini. Anajua mtumbwi, anajua ngalawa, anajua boti ya faiba yenye mashine ya kufunga nyuma. Kila chombo anachokiona kina kazi yake: kuvua, kuvusha, kusomba.

Sasa mtu huyo apande daladala pale kwa Azizi Ali, abadilishe gari mjini, ashuke Msasani na kusogea ufukweni. Atakuta milingoti imesimama kama miti iliyopukutika. Boti nyeupe zimetia nanga, matanga yamekunjwa na kufunikwa turubai, hakuna nyavu, hakuna gunia, hakuna abiria anayegombania nauli. Siku ya Jumatano saa nne asubuhi, chombo cha thamani ya nyumba kadhaa kinayumba tu pale majini. Swali linamtoka mdomoni kabla hajalipanga: ile inabeba nini?

Haibebi kitu. Na hapo ndipo maswali mengine yanapoanza. Nani anamiliki chombo kisichobeba kitu, kwa nini, na kinaishia wapi? Pwani ya Waswahili ina majibu mengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu vyombo vya namna hiyo vilitia nanga Unguja zamani kabla ya hizi za Msasani kuwapo.

Neno lililotoka kwenye kuwinda

Chombo hicho huitwa yoti. Neno lina asili ya Kiholanzi, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuwinda. Waholanzi walikuwa na vyombo vyepesi vya tanga, vyenye mbio, vya kufukuzia maharamia na wakwepa kodi. Baadaye matajiri wao wakaona kwamba chombo chenye mbio kinafaa pia kwa matembezi. Mwaka 1660 mji wa Amsterdam ulimpa mfalme Charles II wa Uingereza yoti iitwayo Mary. Mfalme akaipenda, ndugu yake akataka yake, wakaanza kushindana, na mchezo wa wakubwa ukapata mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo yoti haitambuliki kwa tanga wala kwa mashine, kwani zipo za namna zote mbili. Haitambuliki hata kwa ukubwa. Ni chombo ambacho mwenyewe anakitumia kwa raha yake, si kwa kutafutia riziki. Kwa kipimo hicho, ngalawa ya mvuvi inageuka yoti kwa alasiri moja pale inapoingizwa kwenye resi za sikukuu, tanga limevimba, ufukwe mzima unapiga kelele. Kesho yake alfajiri inarudi kuwa ngalawa.

Kuna neno la pili la kueleza: boti ya kiklasiki. Ulaya, kwenye mashindano mengi ya Bahari ya Kati, chombo kilichoshushwa majini kabla ya mwaka 1950 kinahesabiwa kuwa cha kale, na cha kuanzia 1950 hadi 1975 kinaitwa cha kiklasiki. Lakini umri peke yake hautoshi; lazima kiwe kimetunzwa kwa umbo lake la awali, au kimerudishwa kwenye umbo hilo. Wenye vyombo hivyo hutafuta mbao za aina ileile iliyotumiwa na fundi wa kwanza, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango wa nyumba ya babu yake.

Mtoni nyingine, upande wa pili wa maji

Ng'ambo ya bahari, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, iko Mtoni nyingine. Huko Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alikuwa na kasri lake ufukweni, na humo mwaka 1844 alizaliwa binti yake Salme, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake. Salme anaikumbuka manowari ya baba yake, Rahmani, iliyokuwa ikitia nanga mbele ya kasri. Mwezi wa Ramadhani mizinga yake ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha watu usiku kula daku.

Sayyid Said alikuwa mfanyabiashara aliyevaa kilemba cha mfalme, na vyombo vyake vilifuata tabia yake. Mfano mzuri ni Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833. Mwezi Februari 1840 iliondoka Unguja na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, kahawa na tende, pamoja na zawadi za rais wa Marekani, wakiwemo farasi wawili. Aprili 30 ikaingia New York chini ya mjumbe wa Sayyid, Ahmad bin Naaman. Wenyeji wakashangaa, kisha wakaichukua kwenye karakana ya jeshi lao la majini na kuitengeneza bila malipo. Ilirudi na bunduki, shanga na kitambaa cha pamba ambacho pwani nzima ilikwishakipa jina la merikani. Ukiwauliza watu wa bandarini Unguja Sultana inabeba nini, wangekuhesabia hadi uchoke.

Yoti halisi aliipata kwa zawadi, na haikumkaa. Mwaka 1836 alimpa mfalme William IV wa Uingereza meli ya kivita yenye mizinga 74, iitwayo Liverpool. Mfalme akajibu kwa kumpa Prince Regent, yoti ya kifalme yenye samani za kizungu na mapambo mengi. Sayyid Said akaitazama, akashukuru, halafu akaipitisha kwa Gavana Mkuu wa India. Mtu wa karafuu na pembe alikuwa amejiuliza swali lilelile la mtu wa kwa Azizi Ali.

Mwanawe Barghash hakujiuliza. Au alijiuliza akiwa amekwisha lipa.

Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikabomoa nyumba, ikang'oa mikarafuu na kuvunja karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini, zikiwemo meli za Sultani. Barghash akaanza kununua upya. Alinunua meli za mvuke za biashara, na hizo zilimtumikia vizuri. Lakini pia aliagiza kwa kina William Denny, waundaji wa meli wa Dumbarton huko Scotland, chombo cha heshima kilichofanana na manowari ya Kiingereza Glasgow iliyowahi kuzuru Unguja. Chake nacho kiliitwa Glasgow. Kiligharimu zaidi ya pauni 32,000, kilikuwa na vyumba vya kifahari na mizinga saba midogo, na kilikamilika mwaka 1878.

Kilipofika, Sultani hakukifurahia sana. Kikatia nanga mbele ya majumba yake na kukaa. Mwaka ukapita, na mwingine. Jumba la Beit al Ajaib likajengwa mwaka 1883 na kuwaka taa mbele yake. Barghash akafariki mwaka 1888. Masultani wengine wakaja na kuondoka. Glasgow ilikuwa palepale.

Agosti 1896 Khalid bin Barghash akaingia kasrini baada ya kifo cha Sultani Hamad bin Thuwaini, na Waingereza wakamtaka atoke. Muda waliompa ulikwisha saa 3 asubuhi tarehe 27. Mizinga ikalia. Glasgow, ile boti ya matembezi yenye mizinga ya kupigia salamu, ikaifyatulia risasi St George, manowari ya chuma ya siku zile. Ilikuwa kama bajaji kulichomekea lori la mchanga. Ndani ya dakika zisizozidi 45 vita vilikuwa vimekwisha na Glasgow ilikuwa inazama. Maji ya pale si marefu, kwa hiyo milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya bahari mbele ya mji kwa miaka mingi, hadi mabaki yalipovunjwa na kuondolewa mwaka 1912.

Yoti ya mwisho ya ufalme wa Unguja inakumbukwa kwa safari ya siku ya mwisho. Januari 12, 1964, mapinduzi yalipoanza, Sultani Jamshid bin Abdullah aliondoka kwa Seyyid Khalifa. Mombasa hakuruhusiwa kushuka. Chombo kikageuza omo kuja Dar es Salaam, na kutoka hapa akasafiri kwa ndege kwenda Uingereza, alikoishi zaidi ya nusu karne.

Ndugu zao wa ukoo wa Busaid waliobaki Oman hawakuiacha desturi. Al Said, iliyoundwa Ujerumani na kukabidhiwa mwaka 2008, ina urefu wa mita 155, yaani kiwanja kimoja cha mpira na karibu nusu ya kingine. Mwaka 2016 ikaongezwa meli nyingine ya kifalme, Fulk al Salamah, yenye mita 164.

Kwa ufupi hadi hapa

Yoti ni chombo cha raha, na raha hailipi nauli. Sayyid Said alikuwa na vyombo vilivyojilipia, na kile ambacho hakikujilipia alikigawa. Barghash alikuwa navyo vya aina zote mbili, na kilichokaa bila kazi ndicho kilichozama mbele ya macho ya mji wote.

Fungu la chombo

Watu wengi wakisikia umiliki wa boti wanafikiri tajiri mmoja mwenye miwani ya jua. Pwani hii ina hesabu nyingine, nayo ni ya zamani.

Wavuvi wakirudi na samaki, kwanza yanatolewa mafuta na chakula cha safari. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Baharia ana fungu lake, nahodha anaongezewa, na chombo nacho kina fungu. Mashine ina fungu, nyavu zina fungu. Viwango vinatofautiana kutoka ufukwe hadi ufukwe, lakini wazo ni moja: chombo kinahesabiwa kama mtu aliyekwenda kazini. Fungu lake linachukuliwa na mwenye chombo, ambaye huenda hajawahi kulowa hata kifundo cha mguu, na kutokana na fungu hilo ndiye anayenunua mbao na kumlipa fundi.

Waingereza nao walikuwa na mafungu yao. Kwa sheria yao ya meli, iliyoigwa na nchi nyingi walizozitawala, umiliki wa meli moja hugawanywa katika hisa 64. Mjane anaweza kuwa na hisa 4, kinyozi 2, nahodha 16. Utaratibu huo ulibuniwa kwa sababu meli ni ghali na bahari haina huruma. Afadhali watu kumi wapoteze kidogo kuliko mmoja apoteze vyote.

Halafu kuna bendera. Chombo kikisajiliwa nchi fulani, kinapeperusha bendera yake na kufuata sheria zake. Yoti nyingi kubwa za dunia zimesajiliwa Cayman au Malta, kwa jina la kampuni, hata kama mwenyewe analala London. Kwa hiyo jina lililoandikwa tezini, nyuma ya boti, linaweza lisikwambie lolote kuhusu mwenye mali. Hapa nyumbani, usajili na ukaguzi wa vyombo upande wa bara uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, na Zanzibar iko Mamlaka ya Usafiri Baharini. Anayetaka kununua boti iliyotumika aanzie kwenye karatasi, ndipo aende kugonga mbao.

Akishanunua, ndipo mateso yanapoanza. Wamiliki wa yoti Ulaya na Marekani wana hesabu ya haraka: gharama ya kutunza kwa mwaka ni kama asilimia 10 ya bei ya kununulia. Boti ya shilingi milioni 300 inataka milioni 30 kila mwaka, hata usipoigusa. Zinakwenda hapa:

- nafasi ya kutia nanga, na mlinzi;
- kupandisha chombo nchi kavu, kukwangua magamba na kupaka rangi upya;
- matanga na kamba, ambazo jua la pwani hii huzila bila kutafuna;
- mashine, ambayo maji ya chumvi ni adui yake wa kudumu;
- bima.

Jahazi linahitaji karibu yote hayo, isipokuwa lina fungu. Yoti haina. Kila senti inatoka mfukoni mwa mwenyewe, na siku mfuko unapotoboka, boti inabaki kwenye matope na mmea unaota kati ya mbao zake. Kwa hiyo wenye mapenzi ya kweli hukodisha boti zao kwa watalii miezi ya msimu. Yaani wanaipa yoti kitu cha kubeba.

Meli iliyopitia bandarini ndani ya masanduku

Chombo cha kale chenye sifa kuliko vyote Tanzania si cha raha hata kidogo, ingawa watalii wamekipanda kwa raha. Mwaka 1913 karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, iliunda meli iitwayo Graf von Götzen, ikaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalishushwa Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye treni kwenda Kigoma, na huko meli ikaunganishwa upya. Februari 1915 ikaingia Ziwa Tanganyika, katikati ya vita.

Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa waliizamisha wenyewe. Fundi aliyekuja nayo kutoka Papenburg hakuweza kuiua kabisa: kabla ya kuizamisha, mitambo ilipakwa mafuta mazito ili isile kutu. Uangalifu huo wa fundi ulizaa matunda. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua kutoka chini ya ziwa, wakakuta mitambo bado ina uhai, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hilo.

Tangu hapo imebadilisha wenyewe kama kanga inavyobadilisha mabega. Ilikuwa ya Dola ya Ujerumani, ikawa ya reli ya Tanganyika chini ya Waingereza, ikawa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ikawa ya Shirika la Reli Tanzania, na miaka ya 1990 ikaingia mikononi mwa Kampuni ya Huduma za Meli. Mitambo ya mvuke iling'olewa miaka ya 1970 ikawekwa ya dizeli. Mtunza boti za kiklasiki wa Ulaya angekunja uso hapo. Lakini dizeli hiyo ndiyo iliyoiwezesha kubeba mahindi, dagaa, mananasi na watu kutoka kijiji hadi kijiji, na mwaka 1997 kuwarudisha Kongo maelfu ya wakimbizi.

Glasgow ilikuwa nzuri kuliko Liemba kwa kila kipimo cha uzuri. Ilidumu miaka 18. Liemba imepita 100 ikiwa na mkungu wa ndizi sitahani.

Kamba za nazi

Chuma kinaweza kungoja chini ya ziwa miaka minane. Mbao haziwezi. Baharini kuna wadudu wanaotoboa mbao kama mchwa wa nchi kavu, na jahazi lisipopwelewa mara kwa mara, likachomwa ubavuni kwa moto wa makuti, likatiwa kalafati ya pamba kwenye maungio na kupakwa deheni ya shahamu na chokaa, miaka michache inalimaliza. Ndiyo maana jahazi la kale kweli ni nadra. Linalodumu ni umbo lake: fundi anaunda jipya kwa kulitazama lililokufa, bila ramani ya karatasi, akianza na mkuku na kupandisha mataruma.

Umbo nalo hufa. Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza unataja pwani hii na mji wa Rhapta, jina lililotokana na vyombo vilivyoshonwa. Mtepe ulikuwa wa ukoo huo: mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, na tanga la mkeka. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa unatoweka. Mtepe ulioundwa upya ukawekwa ndani ya Beit al Ajaib ili watu wauone, na Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka.

Kuna wanaohangaika kwa njia nyingine. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi dogo la mita 9, kwa plastiki iliyookotwa ufukweni, na kulivisha ubavuni rangi za kandambili 30,000 zilizokatwakatwa. Mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja. Mbao hakuna, lakini mkuku, mataruma na tanga ni vilevile alivyofundishwa.

Na Sur, mji wa Oman ambao mabaharia wake walikuwa wakishuka na kaskazi kila mwaka hadi Unguja, watu walifanya jambo la kusimulia. Jahazi lao kubwa Fath al-Khayr, lililoundwa mjini hapo mwaka 1951, lilikwisha kuuzwa Yemen. Wenyeji wakachangishana fedha, wakalinunua, na mwaka 1993 likarudi. Leo limewekwa nchi kavu penye maonyesho, halibebi kitu, na mwenyewe ni mji mzima.

Msomaji wa Mtoni, Kunduchi, Bagamoyo au Kilwa huenda hana mji wa kuchangisha. Ana mzee. Kama babu au mjomba aliwahi kuwa na jahazi au mashua, mwulize leo na uandike kwenye daftari: chombo kiliitwaje, nani alikiunda, kwa mbao gani, mafungu yaligawanywaje, na safari ya mwisho kilibeba nini.